Giza Halijapimwa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Kitaji, Musoma

Kaunta buku hili nimelinunua kwa ajili yangu mwenyewe. Lile jingine, la karatasi za kamera, ni la kazi, na ndani yake hakuna nafasi ya kuandika kwamba nimechoka au kwamba fulani ananiudhi. Huku nitaandika yote.

Leo tumeanza. Dada Ursula Mniko anatengeneza filamu ya msimu mmoja wa kilimo katika mji wa Bibi Boke, mbele kidogo ya Nyamuswa, kuanzia ardhi ikiwa kavu mpaka ulezi usimame. Picha anapiga mwenyewe. Mimi ni msaidizi wa kwanza wa kamera: ndiye ninayeiamsha, ninayeilisha betri, ninayeilaza. Tumeikodi Dar kwa bwana mmoja anaitwa Shija, na jioni inalala kwetu, chumbani kwangu, mama akilalamika kwamba imepewa nafasi kubwa kuliko mgeni.

Kazi ya kwanza kila asubuhi ni kupima giza. Kihisi, yaani lile jicho la ndani linalopokea picha, kina nukta mamilioni, na baadhi huwa mbovu. Kamera ikipata joto, hizo mbovu zinaanza kuwaka zenyewe hata pasipo mwanga, na kwenye picha zinatokea vidoa vyeupe, vyekundu, vya buluu. Dawa yake ni kuwasha kamera, kuiacha nusu saa ipate joto, kuifunika lenzi kabisa, kisha kubonyeza kitufe ili ijitazame gizani. Nukta itakayowaka humo inaandikwa kwenye kumbukumbu, na kuanzia hapo jirani zake wanaijazia nafasi. Nikimaliza naandika kwenye karatasi: Giza, limepimwa. Naweka saini, W., ya Wankyo. Ni nusu saa ya kukaa, na asiyejua kazi anakuona mvivu.

Jumanne, 8 Oktoba

Giza limepimwa. Vumbi tupu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Giza limepimwa.

Leo nimekaa karibu na Bibi Boke. Ana miaka themanini na kitu, mwembamba, na ulimi anao. Aliniuliza nimeolewa wapi, nikasema bado, akasema basi mume wangu ni kamera, ila huyu ni mume wa kubebwa. Walicheka wote mpaka na mimi nikacheka.

Ursula alimwomba atuonyeshe kibuyu. Kimening'inia juu ya mafiga ndani ya msonge wake, kimekuwa cheusi kwa moshi, na ndani yake kuna mbegu ya ulezi wa mwaka jana. Mvua ya kwanza ya kweli ikishanyesha, yeye anakitungua, anachota konzi moja, anaipeleka shambani. Kabla ya hapo hakuna mtu wa mji ule, mwana wala mkwe, anayetia mbegu ardhini. Ni mara moja kwa mwaka. Ursula aliniambia pembeni kwamba filamu nzima imejengwa juu ya konzi hiyo. Niliingia nikapima mwanga. Mle ndani ni giza hata saa sita mchana, kwa hiyo siku hiyo kamera itabidi ifunguliwe usikivu wake wote wa mwanga, na usikivu ukiwa juu ndipo nukta mbovu zinapojitangaza.

Msaidizi wa pili ni Mzee Clementi wa Bunda, mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na stendi. Nilikuwa na miaka kumi na sita aliponipokea pale, na alinifundisha kusafisha lenzi mwaka mzima kabla hajaniruhusu kupiga picha hata moja. Sasa kazini mimi ndiye mkubwa wake. Hajanionyesha hata siku moja kwamba linamuuma. Ananiita mama, mimi namwita mwalimu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mapumziko. Mama amenituma sato wawili, nimerudi na mmoja na stori ndefu. Amesema mimi kila kitu najua isipokuwa nilichotumwa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Giza limepimwa, nusu saa nzima, Ursula akitazama saa yake mara nane. Nilihesabu. Mawingu yamejaa upande wa ziwa, na yeye kila wingu analiona linamkimbia.

Jumanne, 22 Oktoba

Ursula amenikuta nimekaa na kamera iliyofunikwa. Akasema: "Hiyo kitu yako inatukulaga nusu saa kila siku, Wankyo. Mwanga hautusubiri." Aliyasema mbele ya watu, na mtu mmoja alicheka.

Nikaifunua, nikaibeba, tukaenda. Ile karatasi nimeijaza nikitembea: Giza, limepimwa. W. Jana lilipimwa, kamera haiwezi kusahau kwa siku moja. Na mimi ndiye ninayejua kamera hapa, siyo wao.

Jumatano, 23 Oktoba

Giza limepimwa kwenye karatasi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kwenye karatasi. Picha nzuri, hakuna doa. Nilijua.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kwenye karatasi. Joto.

Jumanne, 29 Oktoba

Lori la mchanga lilitupita tukibadilisha lenzi, vumbi likaingia mpaka ndani. Ursula alifoka. Mzee Clementi aliipeleka kamera ndani ya gari, akafunga vioo, akaigeuza uso chini, akatoa pampu yake ya mpira, ile ile ya tangu studio, akapuliza vumbi kwenye kihisi bila kukigusa. Nilimshikia tochi. Niliutazama mkono wake kama nilivyokuwa nikiutazama zamani, na haukutikisika.

Alipomaliza akauliza, "Tupime giza, mama?" Nikamjibu nitapima kesho asubuhi.

Jumatano, 30 Oktoba

Asubuhi nimeandika tu.

Jumamosi, 2 Novemba

Imenyesha jana mchana kutwa, mvua ya kweli, na leo Bibi Boke ametungua kibuyu.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Ursula aliniagiza niwashe kamera niiweke mle ndani tayari, maana bibi hakusema saa. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga, nami nikaiweka kamera hatua mbili kutoka motoni, ndipo picha ilipokuwa nzuri. Ikakaa hapo ikiwaka kwa saa mbili. Niliigusa ubavu, ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji. Nikawaza: sasa hivi ndiyo ningepima. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwangu. Halafu bibi akaingia, na Ursula akainua mkono tunyamaze.

Siwezi kueleza vizuri kilichofuata. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Alisimama chini ya kibuyu akazungumza nacho kwa lugha ya nyumbani, taratibu, akiwataja marehemu mmoja mmoja kama anayewaamsha kwenda shamba. Akakitungua. Akaingiza mkono, akautoa umefumbwa, akatoka nje bila kututazama. Tulimfuata mpaka shambani. Mzee Clementi alikuwa analia na hakujificha. Hata Ursula, mtu mkavu, alinishika bega.

Kwenye kiskrini kidogo cha kamera sikuona doa lolote. Jua lilikuwa limeingia mlangoni na macho yangu yalijaa moshi. Karatasi nimeijaza saa nne.

Jumanne, 5 Novemba. Bunda

Nilisema huku nitaandika yote.

Leo tumeangalia picha kwenye skrini kubwa, studio kwa Mzee Clementi, madirisha yamezibwa kwa pazia zito. Za shambani, safi. Kisha ikaja ya ndani ya msonge. Kwenye ile nguo nyeusi ya bibi, kwenye kibuyu, kwenye paji la uso wake, vidoa vimetapakaa kama ulezi uliomwagika. Vyeupe, vyekundu, vya buluu. Bibi anasogea, vyenyewe havisogei. Kimoja kikubwa cheupe kimekaa katikati, na anapoinua mkono kukitungua kibuyu, kinampita jichoni.

Ursula aliirudia mara tatu. Mara ya nne akasimamisha picha na kumpigia simu Shija, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie. Shija aliuliza giza limepimwa lini. Ursula akapiga picha karatasi zangu zote, akamtumia. Tulisubiri. Nilisikia bodaboda za stendi, na feni.

Shija akasema: "Kama giza limepimwa kila siku, hizo si nukta za joto. Hapo kuna mkono umegusa kihisi. Nani amekifungua?"

Hakuna aliyemtaja Mzee Clementi. Wote tulimtazama tu. Akasema yeye alipuliza kwa pampu, hakugusa. Shija akauliza ana miaka mingapi. Mzee akajibu sitini na mitatu, na pale simuni Shija akakaa kimya, kimya ambacho kila mmoja wetu alikielewa. Kisha akaagiza kamera ifungwe sandukuni, isiwashwe wala isipimwe giza, atakuja mwenyewe tarehe 28.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya meza na karatasi zimefunuliwa mbele yangu. W. W. W. Mstari ulionyooka kabisa. Kama ningesema pale pale yangekwisha pale pale. Nilifungua mdomo, na Mzee Clementi akanitangulia. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Akasema, "Labda ncha iligusa, nisijue. Macho yangu si ya zamani."

Nikafunga mdomo.

Jumatano, 6 Novemba

Ursula amemwambia Mzee Clementi apumzike. Hilo ndilo neno alilotumia, apumzike. Mzee alinipa pampu yake na brashi, akasema nivitunze vizuri, vitanifaa kuliko yeye. Nilivipokea. Nikasema asante.

Ijumaa, 8 Novemba

Sanduku liko chini ya kitanda changu.

Nimejitetea siku tatu. Ursula ndiye aliyenikimbiza. Shija ndiye aliyehukumu kwa simu. Lori ndilo lililoleta vumbi. Nimewapanga wote mstari na bado wa mwisho ni mimi.

Jumatatu, 11 Novemba. Nyamuswa

Ursula amemwendea Bibi Boke kumwomba akitungue kibuyu tena, kwa ajili ya kamera tu, tutaazima nyingine. Nilikuwepo. Bibi hakukasirika. Alituonyesha shamba, ulezi umeanza kutoka, mwembamba kama nywele za mtoto. Akasema: "Nikichota tena na ile imeshaota, nitakuwa naiambia ife. Mbegu ikifa yenyewe kwa jua, hapo nachotaga mara ya pili. Nilishachota hivyo mara mbili tu tangu niolewe, na miaka yote miwili tulizika watoto."

Tulirudi garini. Ursula aliinamia kioo akatazama mbingu kabla ya kuwasha. Mvua haijanyesha tangu Jumatatu iliyopita.

Jumanne, 12 Novemba

Jua.

Jumatano, 13 Novemba. Bunda

Nilikwenda kumjulia hali mwalimu. Nimejidanganya kwamba ni kumjulia hali.

Studio imefunguliwa lakini kamera ya pasipoti ameiweka juu ya miguu mitatu, naye anaipiga kwa waya wa mbali. Miaka yote nimemjua akipiga kwa mkono. Alituchemshia chai. Kikombe chake alikishika kwa mikono miwili, taratibu, kama kikombe cha kuazima, na hakukiweka chini mpaka kikaisha.

Akaniuliza: "Ile siku ya vumbi wewe ulinishikia tochi. Mkono wangu ulitetemeka au haukutetemeka? Niambie tu, mama, sitachukia."

Nikamwambia sikuangalia.

Aliitikia kwa kichwa kwamba amenielewa. Nilitoka nikapanda gari la Musoma, na njia nzima nilitamani mtu anitukane.

Ijumaa, 15 Novemba

Jua. Ursula anapiga simu Nyamuswa kila asubuhi kuuliza ulezi umeamkaje. Anauliza kwa sauti ya huruma, na mimi najua anachosubiri, kwa sababu na mimi nakisubiri. Ulezi ukifa, bibi atachota tena. Tukiipata picha, hakuna atakayeuliza habari za ile ya kwanza.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani padri ametuongoza kuombea mvua. Watu walipiga magoti. Mimi nilipiga magoti na watu, nikajikuta naomba jua. Siku kumi tu, nikasema. Nilipogundua ninachoomba nilinyanyuka nikatoka nje, mama akadhani ni tumbo.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimelitoa sanduku. Nimeiwasha kamera, ingawa tumekatazwa, na nimefungua menyu nikashuka mpaka mwisho. Imeandikwa pale: giza lilipimwa mara ya mwisho tarehe 21 Oktoba, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Kamera nayo ina shajara yake, na haikudanganya hata siku moja.

Shija ataifungua tarehe 28 na atasoma. Isipokuwa nikibonyeza kile kitufe. Nikipima giza leo, ile tarehe inafutika na inaandikwa ya leo, nami nitasema nilisahau agizo lake. Atanigombeza kidogo, basi.

Lakini kuna jambo jingine, na bora nisingelijua. Kwa kuwa kumbukumbu ya tarehe 21 bado imo, kamera hii bado inaona vibaya vile vile ilivyoona siku ya kibuyu. Nikiifunika, nikaipasha joto lile lile, nikarekodi giza tupu, zitatokea nukta zile zile mahali pale pale, bila bibi. Mhariri anazichukua na kuzitoa kwenye picha ya bibi, moja baada ya nyingine. Ile konzi inaweza kuokolewa. Nikibonyeza kitufe, nukta hizo hazitaonekana tena, na nitakuwa nimejiokoa mimi na kuiua picha na kumzika mwalimu akiwa hai.

Na nikiokoa picha, lazima niseme kwa nini inaokoleka. Hakuna mlango mwingine.

Jumatano, 20 Novemba

Jua. Majani yameanza kujikunja, wamesema kwa simu.

Alhamisi, 21 Novemba

Jua. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 23 Novemba

Imenyesha. Saa tisa alasiri ilitokea ziwani ikapita Kitaji ikielekea Butiama na Nyamuswa, nzito, mabati yakilia mpaka mama na mimi hatukusikizana. Mama aliimba. Nilifurahi kwa ajili ya bibi, nilifurahi kweli, na katikati ya furaha nikaelewa kwamba njia yangu ya mwisho ya kutorokea imelowa.

Jumapili, 24 Novemba

Mama alikuwa ananisimulia jirani wa zamani kule kijijini, aliyeficha ugonjwa wa ng'ombe wake mmoja mpaka zizi zima likaambukizwa. Akamalizia, mficha uchi hazai. Hakuwa ananisema mimi. Nilishindwa kumaliza ugali.

Jumatatu, 25 Novemba

Mama amekwenda sokoni. Nimeiwasha kamera, nimeiacha nusu saa, nimefunika lenzi. Kwa mara ya kwanza tangu tarehe 21 Oktoba nimefanya kila kitu kwa utaratibu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilikaa hivyo, sijui muda gani, mpaka mguu ukafa ganzi.

Nimezima. Kesho Bunda.

Jumanne, 26 Novemba. Bunda

Kulikuwa na mteja, mwalimu wa shule anataka picha nne. Nilisubiri kwenye benchi. Alipotoka niliiweka ile pampu na brashi juu ya kaunta, na nikasema kabla sijakaribishwa, maana nilijua nikinywa chai yake sitasema.

"Mwalimu, uliniuliza kama mkono wako ulitetemeka. Niliangalia. Haukutetemeka. Giza sikulipima tangu tarehe ishirini na moja Oktoba. Nilikuwa naandika tu."

Alichukua kitambaa akafuta kaunta, mahali ambapo palikuwa safi. Alifuta muda mrefu. Nilitaka kuendelea, kueleza habari ya Ursula na ile nusu saa, nikaona hata huo ni uongo mwingine, nikaacha.

Mwishowe akasema, "Wiki tatu nimekuwa nauogopa mkono wangu."

Nikasema najua.

"Hujui," akasema, bila ukali. Kisha akauliza kama Ursula nimemwambia. Nikasema bado, nimeanzia kwake. Akaisukuma ile pampu irudi upande wangu. "Basi na mimi hujaniambia. Ukishamwambia yeye, ndiyo utakuwa umeniambia."

Jumatano, 27 Novemba. Butiama

Ursula amepanga nyumba Butiama msimu huu wote. Nilimkuta kibarazani. Nilimwonyesha karatasi, siku moja moja, kwa kidole: hii sikupima, hii sikupima. Siku ya kibuyu nilipoifikia alinishika mkono nisifungue nyingine.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na makelele ningeyaweza. Alizungumza polepole.

"Mimi nilikukimbiza, hilo nalikubali, na ningekukimbiza tena kwa sababu ni kazi yangu. Kazi yako ilikuwa kunikatalia." Macho yake yakajaa machozi. "Lakini uliniacha nimwombe bibi wa watu aichote mbegu mara ya pili. Uliniacha nikae hapa siku kumi na mbili naombea ukame, Wankyo. Nimeombea njaa watu walionilisha. Hiyo nitaitengenezaje?"

Nilimweleza habari ya kurekodi giza, namna picha inavyoweza kuokolewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana, kisha akasema: "Kesho utaifanya hiyo kazi. Ukimaliza utaenda nyumbani." Akachukua simu akampigia Mzee Clementi mbele yangu, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa shikamoo, na cha pili kilikuwa nisamehe.

Alhamisi, 28 Novemba. Nyamuswa

Shija ni kijana kuliko nilivyofikiri. Alifungua menyu, akasoma ile tarehe, akanitazama mara moja tu. Kisha akakichunguza kihisi kwa kioo cha kukuza na taa. Hakuna mkwaruzo. Alikwenda akampa mkono Mzee Clementi, na mzee akampa wa kushoto.

Tuliwasha moto kwenye mafiga. Tuliweka kamera pale pale, hatua mbili, nikaifunika kwa kifuniko na juu yake kitambaa cheusi, na tukaiacha saa mbili kama siku ile. Bibi Boke alikuja kuketi na sisi. Hajui ugomvi wetu, au anajua. Akauliza kamera inapiga nini na imefunikwa uso.

Nikamwambia inapiga giza, inajitazama makosa yake.

"Hata sisi tunafanyaga hivyo," akasema. "Ila hatutumiagi betri."

Ilipokuwa ya moto kabisa nilirekodi. Kwenye skrini ya Shija vikatokea, kimoja kimoja, vidoa vyote vya siku ile, weusi mtupu na vidoa, na kile kikubwa cheupe katikati. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kibovu.

Nilijaza karatasi ya mwisho. Kwenye mstari wa giza niliandika: Halijapimwa tangu 21 Oktoba. Saini sikuandika W. Niliandika Wankyo Magige, herufi zote. Nikampa Mzee Clementi pampu yake, na safari hii aliipokea, akaitia mfukoni bila kuitazama. Nikapanda bodaboda.

Jumamosi, 14 Desemba. Nyamuswa

Ursula aliniita. Siyo kazini. Mhariri amemaliza ile picha na bibi anataka watu wote waliokula chakula chake wawepo wakati wa kuangalia.

Ulezi uko magotini. Tuliketi ndani ya msonge, kompyuta juu ya kigoda. Bibi Boke kwenye picha alikitungua kibuyu, na nguo yake nyeusi ilikuwa nyeusi, na paji lake lilikuwa paji. Nukta moja tu imebaki, juu pembeni, Ursula ameamua iachwe. Nilikuwa naitafuta peke yangu. Bibi alijitazama mpaka mwisho, akasema huyo mwanamke amezeeka, nani kamruhusu. Ursula alinipa mkono. Hakuniambia nirudi.

Mzee Clementi sasa ndiye msaidizi wa kwanza. Nimeona karatasi zake, mwandiko wa kulala, na kila asubuhi ameandika saa aliyoanza kupima giza na saa aliyomaliza. Alinisalimia vizuri. Aliniita mama kama zamani, akaniuliza habari za Kitaji, akanisogezea kigoda.

Kisha wakaleta chai. Nilimtazama akipokea kikombe chake. Anajua yote sasa, amesikia kwangu, kwa Ursula na kwa mwenye kamera, mkwaruzo haukuwepo na mkono haukutetemeka. Alikishika kwa mikono miwili, na hakukiweka chini mpaka kikaisha.